Mashine Iliyojua Kuugua

Kama ndiyo kwanza unakutana nami kwenye ukurasa huu, vuta kiti nikueleze aibu zangu zilipofikia. Waliokuwa nami tangu mwanzo wavumilie kidogo, au waende jikoni wakabandike chai, watanikuta.

Nilikuja nchi ya watu kusomea kompyuta. Si kuzitengeneza, maana kila nikisema kompyuta hakosi mjomba wa kunikumbusha printa yake. Nasomea namna ya kuifundisha mashine isikie maneno ya watu na kuyaandika. Shahada yenyewe ni ile ya juu kabisa, ambayo kwa Kiswahili chetu huitwa shahada ya udaktari.

Neno hilo moja ndilo lililonimaliza.

Siku niliyokubaliwa chuo nilimpigia mama nikamwambia, "Mama, nimepata nafasi ya udaktari." Mama hakungoja sentensi ya pili. Alitoka na mwiko mkononi akautangazia mtaa mzima kwamba kitinda mimba wake anakwenda kuwa daktari. Nilipanga kumrekebisha jioni. Jioni nikamkuta analia kwa furaha, nikaona nimwache amalize kulia kwanza. Kesho yake fundi cherehani wa pale kwetu akanitumia ujumbe wa sauti kuhusu mgongo wake.

Tangu siku hiyo sijapumzika. Jirani mwenye duka ana magoti. Mke wa fundi ana tumbo. Kuna mzee mmoja hata simjui, ananieleza choo chake kila Jumatatu. Wote nawajibu vilevile: kunywa maji mengi, pumzika, halafu nenda hospitali ukapimwe. Mawili ya kwanza wanayafuata, la tatu wanalipuuza, kwa sababu hospitali waende kutafuta nini na daktari wanaye kwenye simu.

Kisha Profesa wangu akataka mashine yetu ijifunze lugha mpya, akanichagua mimi nimletee sauti. Si sauti yangu tu, alitaka watu wengi, wazee kwa vijana, wanaoongea kama wanavyoongea nyumbani. Mimi nitawatoa wapi watu wengi? Nikaitazama simu yangu. Kufa kufaana. Nilichukua jumbe zote za wagonjwa wangu, na za mama zikiwemo, nikazimimina ndani ya mashine. Za mwanzo nilizisikiliza moja moja nikaziandika kwa mkono ili mashine ijue neno lipi ni lipi. Ilipoanza kushika, nilichoka, nikaitupia zilizobaki bila hata kuzifungua.

Wiki iliyopita tuliachana pale Profesa aliponiambia kwamba wafadhili wanakuja kuiona mashine ikifanya kazi. Wakiipenda, nabaki. Wakiikataa, mradi unafungwa, na mimi ambaye ada yangu na kibali changu cha kukaa vinaning'inia kwenye mradi huo, nafungasha.

Sasa sikilizeni siku yenyewe ilivyokuwa.

Niliamka kwa simu ya mama. Niwakumbushe kwamba mama yangu hapigi simu bila sababu, na sababu yenyewe haisemi mpaka mazungumzo yanapokaribia kuisha.

"Daktari wangu, umelala vizuri?"

"Vizuri, mama. Leo nina kazi kubwa."

"Upasuaji?"

"Wageni, mama. Kuna wageni wanakuja kazini."

"Wahudumie vizuri. Hivi, huko baridi inataka sweta moja au mbili?"

"Mbili. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Na hiyo hospitali yenu, mtu akishuka uwanja wa ndege anafikaje?"

Hapa nieleze kitu. Jengo letu linatazamana na hospitali ya chuo. Zamani, mama aliponiuliza ofisi yangu iko wapi, nilimjibu kwamba inatazamana na hospitali. Sikusema uongo. Yeye akasikia iko hospitali, na mimi nikaacha asikie hivyo.

"Anapanda treni mpaka mwisho wa reli, anavuka barabara, basi," nikamjibu huku natafuta soksi. "Kwani nani anakuja?"

"Mzazi haruhusiwi kuuliza? Ule ujumbe wangu mrefu uliusikiliza?"

Jamani, mama ananitumia jumbe ndefu kila wiki. Zinaanza na salamu za watu wote, zinapitia harusi, zinapitia bei za vitu, na mwisho mtu anaaga mara nne. Sikuwa nimeusikiliza.

"Niliusikiliza, mama."

"Na umenielewa?"

"Nimekuelewa kabisa."

"Basi sina la zaidi. Mungu akuweke." Akakata.

Ningekuwa na akili ya kuku ningejiuliza. Mwezi mmoja nyuma mama aliniomba mwaliko wa mahafali yangu ya mwakani, akasema anataka kuutundika sebuleni. Nikamtumia. Na kaka yangu juzi alinitumia ujumbe kwamba mama ana jambo lake, ila yeye ameapa kunyamaza. Nilidhani ni mambo ya kununua friji.

Nikavaa, nikaenda.

Maabara yetu ni chumba kirefu chenye meza za kuunganisha, waya sakafuni zilizofunikwa kwa utepe wa gundi, na dirisha linaloangalia mlango wa ile hospitali. Mlango wenyewe ni wa kioo, unajifungua wenyewe, na kila ukijifungua huimba: ti-ri-riii. Wagonjwa wanaingia, ti-ri-riii, wageni wanatoka, ti-ri-riii. Nimeusikia mpaka nauota.

Profesa alikuwa ameshafika, amevaa tai. Alinyoosha mikono yote miwili akanisalimia kwa Kiswahili.

"Mgongo umenishika," akasema, uso umejaa tabasamu.

"Pole," nikamjibu.

Msicheke bado. Profesa ni mtu mwema na anapenda lugha za watu. Aliamua kujifunza ya kwetu, na kwa kuwa mashine ilikuwa mezani, akajifunza kutoka kwa mashine. Siku ya kwanza aliponiambia tumbo linamsokota nilipaswa kumsahihisha. Lakini alikuwa amefurahi mno, na mimi na watu waliofurahi mnanijua. Sasa anaamini kwamba salamu ni kutaja kiungo, na jibu lake ni pole.

Mwenzangu wa maabara alikuwa anafungafunga spika. Huyu tunamwita Miwani, na sababu yake ukimwona huiulizi. Si mtu wa kwetu, ila anajua kila waya mle ndani, na ndiye mtu pekee aliyewahi kunitilia shaka.

"Dada, jana nilisoma yale yanayoandikwa na mashine," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kila mtu anaumwa."

"Ni msimu."

"Msimu wa nini?"

"Wa kuumwa. Hebu shika ule waya."

Akaushika, lakini macho yake hayakuniacha.

Wafadhili wakaingia. Wanaume watatu wenye suti zilizofanana, na mbele yao bibi mmoja wa makamo, nywele fupi, mkoba mkubwa, uso wa mtu ambaye hajawahi kudanganywa akarudi nyumbani na uongo huo. Hakuna aliyeniambia kwamba yeye ndiye mkuu wao. Wale wengine walikuwa wanaketi baada ya yeye kuketi.

Profesa akasimama mbele yao akasema atafungua kikao kwa lugha ya mashine.

"Wageni," akasema kwa Kiswahili, mkono kifuani, "nina jipu."

Nikatazama dari.

Bibi Mfadhili akainamisha kichwa kwa heshima. Profesa akanionyesha kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kuongea Kiswahili, mashine iandike kwenye skrini kubwa ukutani, na chini yake itoe tafsiri kwa lugha yao. Nilikuwa nimeandaa maneno mepesi ambayo hata mtoto angeyasikia.

"Habari za asubuhi," nikasema.

Skrini ikafikiri, ikaandika: *Kuhara tangu asubuhi.*

Na chini yake tafsiri, herufi kubwa, ili hata aliyekaa nyuma asikose.

Miwani akakohoa. Nikajipa moyo kwamba ni bahati mbaya, mashine haijapashwa moto.

"Karibuni wageni, leo hali ya hewa ni nzuri."

*Karibuni wageni, leo hali yangu si nzuri.*

"Nimefurahi sana kuwaona."

*Nimefura sana, nimeona.*

Tafsiri ikaeleza kwa ukamilifu kwamba mimi nimevimba, na kwamba nimeona. Wale wa suti wakanitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Tunatarajia ushirikiano mwema."

*Tunatapika, shida ni mwili mzima.*

Mashine ilikuwa imelelewa na wagonjwa, na kila ilichokisikia ilikitafutia ugonjwa. Ungeiambia mvua inanyesha ingekuuliza ni pua ya upande gani.

Bibi Mfadhili akavua miwani yake ya kusomea. "Nisaidie kuelewa," akasema. "Mbona lugha yenu ni ya watu wanaoumwa?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Lakini nilimwona Profesa na tai yake, nikaona mabegi yangu yakiwa mlangoni, nikafungua mdomo.

"Kwetu salamu ni kujuliana hali," nikasema. "Mtu hakuulizi tu hujambo ukapita. Unamweleza kinachokuuma, naye anakupa pole. Ndiyo adabu."

Kisha Bibi Mfadhili akasema taratibu, "Ni jambo zuri sana hilo."

"Nilisema mimi," Profesa akadakia. "Lugha ya huruma. Mashine zetu zote zinasikia maagizo tu, hii inasikia maumivu."

Wale wa suti wakaanza kuandika. Mmoja akamgeukia mwenzake akamjaribia: "Mgongo umenishika." Mwenzake akamjibu pole. Wakacheka, wakashikana mikono. Nikamwona Miwani ananitazama kama mtu anayetazama maziwa yakikaribia kufurika, nikajifanya simwoni. Kwa muda mfupi, nikiri, nilifurahi. Nilijiona nimeshinda. Nilianza hata kufikiria nitakachovaa siku ya mahafali.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani.

"Sauti hizi ni za akina nani?" Bibi Mfadhili akauliza.

"Jamaa zake wote," Profesa akajibu kwa fahari. "Familia, majirani."

"Na wote wanajua sauti zao ziko hapa?"

Profesa akanigeukia. Chumba kizima kikanigeukia.

"Wanajua," nikasema.

"Vizuri. Basi hawatajali nikisikia mmoja. Wowote, usichague." Akamwelekezea Miwani kidole.

Miwani akabonyeza mahali. Spika zikakwaruza, na sauti ikajaa maabara. Niliijua kabla haijamaliza pumzi ya kwanza.

"Mwanangu, huu usimsikilizishe kaka yako."

Ilikuwa sauti ya mama. Ule ujumbe mrefu. Ukaendelea na salamu kama kawaida, salamu za jirani, salamu za fundi, bei ya unga. Mashine, iliyolelewa na sauti hiyo, ikaandika yote bila kukosea. Hata koma iliweka. Nikaanza kujifariji kwamba utaishia kwenye harusi ya mtu.

"Sasa hili nakwambia wewe kama daktari, si kama mwanangu. Kifua kinanibana nikipanda ngazi. Kilianza kidogo, sasa kila siku. Mkono huu wa kushoto unakufa ganzi. Kaka yako akijua atanipeleka kwa watu wasionijua, wanichome masindano. Mimi sitaki. Mama aliyezaa daktari hapangi foleni kwa watoto wa wenzake. Nimekaa nimefikiri, nimeamua—"

Bibi Mfadhili akainua mkono. Miwani akasimamisha.

Maneno yote yalikuwa ukutani, ya mama juu na ya kwao chini, hakuna hata moja lililokosewa. Mashine iliyoshindwa kusikia habari za asubuhi ilikuwa imemsikia mama yangu neno kwa neno. Mimi niliyemwambia nimemwelewa kabisa, nilikuwa naisoma habari yake kwenye ukuta pamoja na watu baki.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Hakuficha. Aliniambia, tena kwa urefu.

"Na hii?" Bibi Mfadhili akauliza kwa upole. "Hii nayo ni salamu?"

Nilipiga moyo konde. "Hapana," nikasema. "Hii si salamu. Na zile nyingine hazikuwa salamu."

Nikawaeleza. Udaktari, mwiko, fundi cherehani, magoti, maji ya kunywa. Nilieleza kila kitu nikiwa nimesimama na kipaza sauti mkononi, na kwa kuwa nilikisahau, na kwa kuwa nilikuwa naongea lugha yao, mashine ikanisikia inavyojua yenyewe, ikaujaza ukuta vipele, mafua na bawasiri mpaka Miwani akaizima kwa huruma.

Profesa alikaa chini. "Kwa hiyo mimi, kila asubuhi..." akaanza.

"Ndiyo, Profesa."

"Na leo nimewaambia wageni..."

"Una jipu."

Akalegeza tai. Wale wa suti waliokuwa wanasalimiana wakaacha kutazamana.

Bibi Mfadhili hakupandisha sauti. Natamani angepandisha. "Hawa watu walikueleza siri za miili yao," akasema, "nawe ukazifanya chakula cha mashine. Naweza kuufunga mradi huu sasa hivi."

"Najua."

"Lakini sijawahi kuona mashine ikisikia mtu namna ile ilivyomsikia mama yako." Akafikiri. "Mpigie. Hapa, tukisikia sote. Mwambie ukweli, umuombe ruhusa. Akikubali, tutaongea na wengine mmoja mmoja. Akikataa, kila kitu kinafutwa, nawe unarudi kwenu."

Ningempigia hata asingeniambia. Mambo ya kibali na mahafali yalikuwa yamenitoka kichwani. Nilichotaka ni mama aende hospitali siku ileile, mimi nimpoteze mwalimu, nipoteze chuo, lakini mama aende.

Miwani akaunganisha simu yangu na spika, akaiwasha mashine ili wageni wasome tafsiri. Ikaita mara moja tu.

"Daktari wangu."

Kabla sijafungua mdomo, Profesa akainama kwenye simu. Mazoea yana tabu. "Mama," akasema, "tumbo linanisokota."

Nadhani alitaka kusalimia kwa heshima na hakuwa na salamu nyingine.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Profesa wangu, mama. Anakusalimia."

"Anasalimia au anaugua?"

"Anasalimia."

"Sauti si ya mtu mzima wa afya. Pole baba. Mkamulieni ndimu kwenye maji ya moto. Na wewe umesimama hapo unamtazama tu?"

"Mama, sikiliza. Nina jambo zito. Mimi si daktari."

"Najua hujamaliza. Lakini unakaribia, na mkono wako ni mwepesi, kila mtu anasema."

"Hata nikimaliza, mama. Mimi si daktari wa watu."

Nikasikia anafikiri.

"Wa mifugo?"

"Hapana."

"Maana jirani ana mbuzi anakohoa."

"Wa kompyuta, mama."

"Kwani kompyuta nazo zinaugua?"

"Haziugui. Ni jina la shahada tu. Ukisoma ukafika mwisho wanakuita daktari, hata kama umesomea nyota."

Mashine ilikuwa inaandika yote haya barabara, maana ugonjwa ulikuwa umetajwa. Wageni wanasoma, hakuna anayekohoa.

"Kwa hiyo fundi na mgongo wake?" mama akauliza.

"Nilimwambia anywe maji."

"Na mwenye duka, na magoti yake?"

"Naye maji."

"Mwanangu. Umeutibu mtaa mzima kwa maji?"

"Na kupumzika, mama. Na niliwaambia waende hospitali, hawakwenda. Nisamehe. Utanipiga nikija, nitakuletea na fimbo mwenyewe. Lakini sasa hivi, hicho kifua chako. Nakuomba uende hospitali leo. Mwambie kaka akupeleke."

"Hospitali nimeshafika," mama akasema.

Skrini ikaandika: *Niko hospitali.*

Mmoja wa wale wa suti akatoa kicheko kidogo cha puani. Mwingine akafuata. "Imeanza tena," Profesa akasema, akitikisa kichwa. "Hitilafu ileile. Ukiiambia chochote inakupeleka hospitali." Hata Bibi Mfadhili akatabasamu. Nadhani walikuwa wanatafuta mahali pa kupumulia baada ya aibu ile yote.

Mimi sikuisoma skrini. Mimi nilisikia kwa masikio yangu.

"Hospitali gani, mama?"

"Hii yako. Mbona unashangaa, si ulisema ujumbe uliusikiliza ukanielewa? Nilikwambia nimeamua kuja unipime mwenyewe. Mtaa ulinichangia tiketi, ule mwaliko wa mahafali ukanipatia viza, na asubuhi nilipokupigia nilikuwa nimeshashuka uwanja wa ndege. Nimevaa sweta mbili kama ulivyosema."

Na nyuma ya sauti yake, ndani ya simu: ti-ri-riii.

Na dirishani kwetu, kwa wakati uleule: ti-ri-riii.

"Kaa hapohapo," nikasema. "Mama, kaa chini, nakuja."

"Nikae vipi na huyu binti wa mapokezi anasema hawakujui? Namtajia jina lako, anatafuta, anatikisa kichwa. Nimemtolea picha za eksirei za zamani za watu wa mtaani, nimezibeba zote, fundi, mke wa fundi, mwenye duka, akaita mwenzake waje wazitazame. Sasa wananionyesha juu kwa kidole. Nadhani wakubwa wako juu."

"Usiende juu. Mwambie akuletee kiti. Shika kifua tu, watakuelewa."

"Nishike kifua mbele za watu? Lifti imebandikwa karatasi nyekundu. Kuna ngazi hapa."

"Mama, usipande ngazi."

"Nitawaeleza mwenyewe. Hata kama ni wa kompyuta, wewe ni mtoto wangu, hawawezi kusema hawakujui."

"Mama."

Hakukata simu. Hajawahi kujua kuikata vizuri, huitumbukiza kwenye mkoba hivyohivyo. Nikasikia zipu. Kisha karatasi za eksirei zikisuguana. Kisha kiatu, na kiatu kingine. Wageni walikuwa bado wanacheka yale ya mwisho kwenye skrini, mmoja anafuta machozi.

Kiatu. Pumzi. Kiatu. Pumzi ndefu.

Kisha viatu vikasimama.

Skrini ikakaa tupu kwa muda, ikiisikiliza ile pumzi. Ikaandika: *Kifua kinabana.* Na chini yake tafsiri, herufi kubwa.

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Profesa akapiga meza kwa kiganja, akasema jamani mashine hii itatuua.

Miwani peke yake hakucheka. Aliitazama ile skrini, akageuka kunitazama mimi nikiwa nimeshafika mlangoni.

"Lakini," akasema, "hakuna mtu aliyeongea."